Karakana Tuliyoitia Magurudumu

Vijana, kabla hamjanunua hata bolti moja ya hiyo trela yenu, nipeni masikio kidogo. Juzi mlipokuja hapa Lurambi na picha zenu kwenye simu, mkaniuliza, "Mama, vyombo mlivipanga vipi ndani?", niliwajibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa na maharagwe jikoni. Jibu lile halikuwa zuri. Limenisumbua siku tatu, nikaona afadhali nikae niandike. Mtu akiandika hakatizwi.

Kwanza mjue kwamba sikuanza kama fundi. Jina langu ni Penina Ayuma, ingawa wengi wananiita Mama Violet, na kwa miaka kumi na minne nilikuwa mtunza stoo ya vyombo katika karakana ya kiwanda cha sukari. Nilikaa nyuma ya dirisha la waya. Fundi akitaka spana alinipa kidude cha shaba chenye nambari yake, nami nikakitundika kwenye msumari pale spana ilipotoka. Jioni nikiutazama ukuta nilijua nani hajarudisha nini. Kompyuta haikuwepo. Kulikuwa na misumari, vidude vya shaba, na mimi.

Wiki ya kwanza fundi mmoja alikuja dirishani akasema, "Mama, nipe faili nusu duara." Nikaenda mpaka ofisini, nikamletea faili la karatasi, la kadibodi ya kahawia, nikamwuliza kama anataka nilikate kwa makasi. Karakana nzima ilicheka mpaka mtu akaja kuuliza kama kuna ajali. Mwezi mzima nilikuwa Mama Faili.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mchomeleaji, mzee kunizidi kama miaka kumi, anaitwa Lumbasi. Aliingia stoo, jambo ambalo halikuruhusiwa, akachukua tupa kwenye rafu, akanishika kidole na kukipitisha juu yake. "Hii hapa," akasema. "Mgongo mviringo, tumbo bapa. Ukishika mara moja husahau." Akatoka. Tangu siku hiyo, wenzangu wakienda kula, mimi nilibaki nikishika vyombo. Baada ya miezi sita ningeweza kufumba macho nikakwambia hii ni spana ya kumi na saba, hii ya kumi na tisa. Si uchawi. Ni kushika tu.

Halafu kiwanda kikasimama. Sitaki kuingia katika habari za kwa nini. Kila mtu ana yake ya kusema. Ninachokumbuka ni king'ora. Maisha yetu yote yalipimwa kwa king'ora kile: saa moja watu waingie, saa saba wale, saa kumi na moja warudi nyumbani. Kiliponyamaza, wanawake sokoni waliendelea kuinua vichwa saa saba, kama watu wanaosubiri kuitwa. Hata mimi nilikuwa nikifanya hivyo.

Wakulima wa miwa ndio walioumia zaidi. Zamani trekta ikiharibika shambani, mafundi wa kiwanda waliifuata huko huko. Sasa ikiharibika, inakaa. Na muwa ukishakatwa haungoji mtu. Unakaukia pale chini, sukari inatoka, na mwenye shamba anauangalia tu wala hana njia ya kuufikisha kwenye viwanda vya mbali.

Jumamosi moja Lumbasi alikuja kwangu akiwa amevaa koti la kanisani.

"Mama Violet, nimeona ekseli."

"Ekseli ya nini, Mzee?"

"Ya trela ya miwa. Iko nyuma ya ua wa jirani. Kuku wanalalia."

"Sasa mimi nifanye nini na ekseli ya kuku?"

Alikaa chini, akavua kofia. "Wewe unajua vyombo. Mimi najua moto. Shemeji yako Nyongesa ana pikapu. Wakulima hawawezi kuleta trekta kwenye karakana. Basi tuwapelekee karakana."

Nikamwambia mimi si fundi, mimi ni mtu wa dirishani. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kipumbavu na anajizuia kusema. "Miaka kumi na minne," akasema, "kila kilichofunguliwa kwenye kiwanda kile kilifunguliwa na chombo ulichotoa wewe."

Ndivyo tulivyoanza. Trela tuliijengea hapa uwanjani kwangu, pale mlipoegesha pikipiki yenu. Jirani alitupa ekseli pamoja na fremu kuukuu, na kuku wake mmoja hakukubali. Tulimrudisha kwao mara tatu. Mara ya nne tukamkuta ametaga kwenye droo ya bolti za inchi nusu, na Lumbasi akasema basi huyo ndiye mtunza stoo mpya.

Tulikata fremu ya miwa ikawa fupi, maana ile ndefu haigeuki kwenye vijia vya mashamba. Ubavuni tulitia mabati na milango inayofunguka kwenda juu, siyo pembeni. Hilo lishikeni sana. Hapa Kakamega mvua ya saa tisa haikosekani, na mlango unaofunguka kwenda juu ni paa. Mkitia milango ya pembeni mtafanya kazi mkiwa mmelowa, na jenereta pia italowa. Jiliwa, lile la kubania chuma unapokikata au kukipinda, tulilifunga kwenye kona, juu kabisa ya gurudumu, ili mtu akivuta chuma kwa nguvu trela isiyumbe. Kona zote nne tulitia vyuma vya kushusha chini, vya kusimamisha trela kabla ya kuanza kazi.

Ubao wa vyombo niliutengeneza mimi. Nilichora umbo la kila spana kwa rangi nyeupe, mahali pake, na chini yake nikatia kamba za mpira tulizokata kwenye tyubu za magari, za kuibana isiruke barabarani. Grisi niliweka kwenye mikebe ya maziwa ya watoto. Nati ziliingia kwenye madebe ya mafuta ya kupikia niliyoyakata ubavu. Rangi ya nje tulibishania siku mbili, yeye anataka nyekundu, mimi buluu, mwishowe tukapaka kijani kwa sababu kanisa lilikuwa limebakisha kijani ya paa. Nikifumba macho sasa hivi bado naisikia harufu ya rangi ile ikichanganyika na moshi wa kuni zangu. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile wiki.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu ninyi mko karibu kulifanya. Nimeona kwenye picha zenu mmechora jenereta kwa nyuma.

Stoo, kitu kizito hukaa karibu na dirisha, ili usikibebe mbali. Kwa hiyo nami jenereta niliiweka nyuma, mlangoni. Na fuawe, lile pande la chuma la kufulia, nikaiweka nyuma. Na mitungi ya gesi nyuma. Lumbasi aliangalia akasema ni sawa. Yeye kwa upande wake alifunga trela kwenye pikapu kwa pini tupu, bila kipini cha kuizuia isitoke, wala cheni, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kwenda kuonyesha watu.

Tulitoka asubuhi, Nyongesa akiendesha, sisi wawili pembeni yake. Tulipopita Khayega na kuanza kuteremka, nikasikia mkia wa pikapu unainuka, kama mtu anatunyanyua kwa nyuma. Trela ikaanza kucheza kushoto na kulia. Nyongesa akakanyaga breki. Kukawa na mlio mmoja, *tak*, halafu pikapu ikawa nyepesi kabisa.

Nikageuka upande wa dirisha, nikaona trela yetu ya kijani ikitupita. Si watu wengi duniani walioona karakana yao wenyewe ikiwapita barabarani. Ilienda na pua yake ikichimba lami na kutoa cheche, ikakata kona, ikaingia kwenye shamba la ndizi, ikaangusha migomba kama sita, ikasimama.

Kila nikisimulia hapa watu hucheka, nami huwaacha wacheke. Lakini kuna jambo ambalo kwa kawaida silisemi. Watoto watatu wenye mitungi ya maji walikuwa wametoka tu kuvuka mahali pale. Walikuwa wamesimama upande wa pili, wanatuangalia, na maji ya mmoja yamemwagika kwa kushtuka. Mdogo wao alikuwa amevaa sweta ya shule iliyopasuka kiwiko. Niliteremka, nikakaa barabarani.

Mwenye migomba, mama mmoja mnene, alikuja mbio na jembe. Nilidhani atanipiga. Alinitazama nilivyokaa, akatupa jembe, akaniinua. Kisha akapiga kelele kuita watu wa sokoni, na wanawake wakaja wakaokota spana zetu kwenye nyasi, wakazileta wamezifunga kwenye leso. Hata ile ya kumi na tatu ilirudi, na mnajua spana ya kumi na tatu hupotea hata ukiwa umeishika mkononi.

Mimi na Lumbasi hatukusemezana mpaka jioni. Mimi nilisema moyoni, pini ni yake. Yeye alisema moyoni, uzito ni wake. Kesho yake alikuja kwangu na cheni mbili nzito begani, akazitupa chini, akasema, "Pini ilikuwa yangu." Nami nikasema, "Jenereta ilikuwa yangu." Tukaanza upya.

Basi sikizeni. Uzito ukae juu ya ekseli, na kidogo zaidi upande wa mbele. Mkishapakia kila kitu, mtu mmoja ashike ulimi wa trela ajaribu kuuinua. Ukiinuka kama kikapu cha mboga, umepakia vibaya, mzigo uko nyuma. Unatakiwa uinuke kwa shida. Cheni ziwe mbili, zipishane kama mikono iliyokunjwa chini ya ulimi, ili ukichomoka uanguke juu ya cheni, usichimbe barabara. Na pini iwe na kipini chake, kila siku, hata mkiwa mnaenda hapo tu.

Baada ya hapo kazi ilikuja. Tulikwenda mashambani, tulikwenda shule kufunga madawati, tulinoa mapanga na majembe ya nusu ya wilaya. Kuchomelea nilijifunzia hapo, ubavuni mwa trela, kwa Lumbasi. Alinifunika helmeti yenye kioo cheusi, akasema, "Sasa huoni kitu. Sawa. Sikiza. Moto ukiwa mzuri unalia kama mayai yanakaangwa. Ukiwa mbali na chuma unalia kama mvua kwenye bati. Ukiwa karibu sana unanyamaza na kukwama." Siku ya kwanza nilichoma leso. Siku ya pili nilichoma kiatu chake, akiwa amekivaa. Wanaume walisogea kutazama mwanamke anayeshika moto, wengine walileta panga lisilohitaji kunolewa ili wapate sababu ya kusimama. Lumbasi aliwanolea yote.

Jambo ninalotaka mlisikie zaidi lilitokea Khwisero.

Huko kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Dorika, mwenye kisiagi cha kusaga unga. Ndicho pekee upande ule wa mlima. Puli yake, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda wa injini, ilikuwa imepasuka kwenye kitovu. Tulifika tukakuta foleni ya watu na magunia ya mahindi, wengine walitoka mbali kwa miguu. Lumbasi alichomelea, nikamsaidia kurudisha mkanda, Mama Dorika akawasha injini.

Mkanda ulizunguka kidogo, halafu ukachomoka. Ulipiga bati la ukuta ukalipasua, pale pale ambapo Mama Dorika alikuwa amesimama kabla hajarudi nyuma kuchukua kibakuli.

"Yaaye!" akalia. "Yaaye, mnataka kuniua!"

Nilizima injini. Lumbasi alikuwa ameinama anapapasa puli. "Nimeiweka sawa," alikuwa anasema. "Nimeiweka sawa kabisa."

Puli ilikuwa imekaa upande. Upana wa kidole kizima. Mtoto wa chekechea angeliona. Ndipo nikamtazama yeye badala ya puli. Uso ulikuwa umeelekea kwenye chuma, lakini macho hayakuwa yameshika kitu. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilikuwa na spana mkononi, nikaishika mbele ya uso wake, kimya.

Hakuipokea.

"Mzee," nikasema, "nimeshika nini?"

Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama Violet, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya trela. Mvua ilikuwa inaanza. Nikamwuliza, tangu lini? Akasema jicho la kushoto lilianza kufifia wakati wa kiwanda, la kulia tangu msimu wa mvua uliopita. Mwanzoni ilikuwa kama moshi, akadhani ni moshi. Sasa alikuwa anaona mwanga na vivuli.

"Na kazi umekuwa ukiifanya vipi?"

Akanyoosha mkono kwenye ubao wangu, bila kuutazama. "Kumi na saba," akasema, akagusa. "Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Bisibisi bapa. Nyundo ndogo. Uliniwekea macho hapa. Ukisogeza kitu kimoja, umenitoa macho."

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimepanga ubao upya. Nilitaka nyundo zote zikae pamoja. Alikuja asubuhi akanyoosha mkono, akashika koleo, na akanipigia kelele ambayo hajawahi kunipigia hata nilipomchoma kiatu. Nilirudisha kila kitu nikiwa nimenuna, nikamwambia Nyongesa kwamba mzee ameanza kuzeeka vibaya. Sasa nilikuwa nimesimama pale Khwisero na maneno yangu yale yakinirudia, na sikuweza kumwangalia, ingawa hata ningemwangalia hangeniona.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniruhusu kupanda kwenye pikapu?"

Nisingemruhusu.

Akajipangusa maji ya mvua usoni. "Watu wanangoja," akasema. "Funga wewe."

"Mimi?"

"Kuna mwingine? Puli haitajua kama ni mwanamke."

Nilirudi ndani. Nyongesa alinishikia mwavuli juu ya jenereta. Nilikata mshono wa mzee, na kuukata kuliniuma kuliko kazi yote iliyofuata. Kisha nikaomba uzi. Mama Dorika akanipa ule wa kushonea magunia. Mnaposawazisha puli mbili, vuteni uzi kutoka ukingo wa hii mpaka ukingo wa ile. Uguse kila puli mahali pawili, sehemu nne kwa jumla. Ukigusa tatu, bado. Niligusisha nne. Nikatia nukta ya moto juu, nukta chini, nukta kulia, nukta kushoto, kwa maana ukichomelea upande mmoja mpaka mwisho, chuma kinavutwa na moto na puli inalala tena. Lumbasi alisimama nyuma yangu, mkono juu ya bega langu.

"Unaenda mbio," akasema. "Inalia kama mvua."

"Mvua iko kweli, Mzee."

"Hiyo ya juu naijua. Mimi nasema ya kwako. Sogea karibu. Karibu tena. Hapo. Mayai."

Nilipovua helmeti, mwanamume mmoja kwenye foleni alisema, "Huyu mama ndiye amefunga? Mimi nasimamianga kule nje." Na kweli akatoka, akasimama mvuani. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliwaondoa watu wote upande wa mkanda, nikamwambia Mama Dorika awashe.

Mkanda ukashika. Injini ikapanda, ikatulia, na mkanda ukazunguka mahali pake kama umezaliwa pale. Lumbasi aliinamisha kichwa akisikiza, muda mrefu, halafu akaitikia kwa kichwa mara moja. Mama Dorika akamimina mahindi. Unga wa kwanza ulipotoka, aliuchota kwa kiganja akanijazia mkononi. Ulikuwa na joto. Nilisimama nao nisijue pa kuuweka, na yule bwana wa mvuani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia na gunia lake.

Siku ile tulikula kwa Mama Dorika, obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, na hakuna aliyezungumza habari za macho. Njiani kurudi ndipo nilipomwambia Lumbasi kwamba sitashika moto tena pamoja naye mpaka aone daktari. Alikataa wiki mbili. Aliogopa, akaniambia mwishowe, kwamba wangemwambia macho ndiyo basi, na kama bado hawajamwambia bado ni fundi. Wiki ya tatu mkewe na mimi tulimpeleka, kila mmoja ameshika mkono, kama tunampeleka polisi.

Daktari alisema la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa. La kushoto lilikuwa na ugonjwa mwingine, lingeokolewa kama angefika mapema. Sasa hapana. Ninyi mnaokaribia kushika moto, vaeni kioo, sawa, kila mtu atawaambia hivyo. Mimi nawaambia zaidi: mkianza kuona moshi ambao wenzenu hawauoni, semeni. Na mkiwa na mwenzenu mzee anayependa kila kitu kikae mahali pake, msimcheke kwanza. Mwulizeni.

Walimpasua lile la kulia, na alipofunguliwa bandeji alikaa nyumbani mwezi mmoja, kisha akaja hapa. Alizunguka trela polepole, akisogeza jicho lile moja karibu na kila mshono niliochomelea wakati hayupo. Mimi nimesimama nasubiri sifa.

"Mama Violet."

"Naam, Mzee."

"Mishono mibaya hivi, na siku zote ulikuwa unaniambia ni mizuri?"

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa baada ya hapo. Moto ulikuwa wangu. Yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa trela na kusikiza injini. Trekta ikija alisema, "Zima. Washa. Zima," kisha akasema ni beringi gani, na mara nyingi alikuwa sahihi kabla sijafungua bolti. Wakulima walimzoea hivyo. Wengine walidhani ndivyo mafundi wakubwa wanavyofanya, kwamba hawagusi kitu. Baadaye magoti yalimzuia kupanda pikapu, akabaki kwake Khayega, nami nikaendelea na Nyongesa.

Na siku ya mwisho ilikuwa hivi. Mkulima mmoja wa Shinyalu alikuwa amenunua trekta mpya, ya kisasa. Ilizimika katikati ya shamba. Nilifika, nikafungua milango yangu ya juu, nikashusha vyuma vya kona, nikaanza. Nilikagua mafuta, chujio, pampu, betri. Nilisikiza. Saa nne nzima. Trekta haikuniambia kitu. Mkulima, kwa adabu sana, akaniomba ruhusa ampigie mtu simu.

Akaja msichana kwa boda boda, labda hajafika miaka ishirini na tano, na mkoba mdogo. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo, Mama," akatoa kompyuta, akachomeka waya mahali ambapo sikujua pana tundu. Akasoma. Akafungua kidude kidogo kama kifuniko cha soda, akatia kingine. Dakika kumi. Trekta ikawaka. Akaniomba spana ya kumi ili afunge, nikampa, akairudisha mikononi mwangu akisema asante.

Nilimwambia Nyongesa anipitishe Khayega. Nilimkuta Lumbasi sebuleni, mkewe akanitilia chai. Nikamsimulia yote, saa nne zangu na dakika kumi zake. Nilisema kwamba nilijiona kama wale wanawake wa sokoni walioinua vichwa saa saba na king'ora hakipo. Nilitaka tuhuzunike wawili. Nilidhani ndiye mtu peke yake ambaye angehuzunika nami sawasawa.

Alisikiza mpaka nikamaliza.

"Trekta iliwaka?"

"Iliwaka."

"Ikarudi kulima?"

"Ikarudi."

"Sasa mbona unaongea kama mtu ametoka matangani?" akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Mkewe alicheka kwanza. Kisha yeye. Mimi nilishikilia hasira yangu kidogo, nikaona inanichosha, nikacheka pia, mpaka chai ikanimwagikia kwenye sketi. Mvua ya saa tisa ikaanza juu ya bati, tukaisikiza watatu. Na pale pale kwenye kiti, kabla kikombe hakijaisha, nilistaafu.